KUTOKA MEZA YA KARANI: Cheti Kilikuwa Fimbo Tu

Juma lililopita niliwaahidi kueleza jinsi ya kutunza vyeti vya ubatizo visiliwe na mchwa. Naomba mniwie radhi, mchwa wangoje juma moja. Leo nina jambo lililonikaa moyoni siku nyingi, nami nataka kulitua.

Mwaka mmoja, wakati wa kulima, mama mmoja mjane alifika ofisini kwangu. Alitaka nakala ya cheti cha ubatizo cha kijana wake. Nikafungua kitabu, nikatafuta jina, nikaanza kuandika. Yeye alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Akasema, "Mwanangu, mimi siku hizi silali." Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Pole, mama. Sali tu, yatapita." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata chakula nakiona kama udongo." Nikamwambia huenda ni malaria, aende zahanati. Nikapiga mhuri, nikampa karatasi yake. Akashukuru, akatoka. Mambo hayo yote hayakuchukua hata robo saa, nami nilijiona karani hodari.

Baada ya miezi miwili watoto wa shule walimkuta amekaa kando ya mto, nguo zimelowa, hataki kusema wala kurudi nyumbani. Wengine wakasema amerogwa. Wengine wakasema ni mtu wa kupelekwa Mirembe, tena walisema kwa kucheka. Kwa bahati njema ndugu zake walimpeleka hospitali, akatibiwa, akapata nafuu. Nilipokwenda kumwamkia alinipokea vizuri, akanipa uji. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile sikuja kwa ajili ya cheti. Cheti kilikuwa fimbo tu ya kunifikisha kwako."

Neno hilo lilinichoma. Mimi nimepita chuo cha ualimu. Nilifundishwa kusema mbele ya watu, kuandika ubaoni, na kuuliza maswali darasani. Somo la kusikiliza silikumbuki. Basi nikaanza kutafuta vitabuni kama yuko mtu aliyelifanya jambo hili kuwa kazi yake. Nikamkuta Bwana Carl Rogers wa Marekani, aliyekuwa mshauri wa watu wenye shida za moyo, mwalimu wa chuo kikuu, na mchunguzi, yote matatu katika maisha ya mtu mmoja. Habari zake zimenifaa, nami nawagawieni.

Kijana wa shamba

Carl Rogers alizaliwa tarehe 8 Januari 1902 huko Oak Park, karibu na mji wa Chicago, wa nne katika watoto sita. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti walioshika dini kwa ukali. Nyumbani hakuna pombe, hakuna karata, hakuna dansi. Mwenyewe alisimulia kwamba hata siku aliyokunywa soda mara ya kwanza alijiona kama mtu aliyetenda kosa.

Alipokuwa na miaka 12 jamaa yote walihamia shambani. Huko alijifunza mambo mawili. Kwanza alifuga nondo wakubwa wa usiku, akawaangalia tangu kiwavi mpaka kupata mabawa. Pili alisoma kitabu kikubwa cha kulisha mifugo. Humo aliona jinsi wataalamu wanavyojaribu chakula: ng'ombe hawa hupewa chakula hiki, na wenzao wanaofanana nao hupewa kile, kisha maziwa hupimwa. Hakuna kusema "nadhani". Mkumbuke habari hiyo ya ng'ombe, maana itarudi.

Mwaka 1919 aliingia Chuo Kikuu cha Wisconsin kusomea kilimo. Mwaka 1922 alichaguliwa pamoja na vijana wengine wachache kwenda Peking, Uchina, katika mkutano wa wanafunzi Wakristo, akakaa safarini zaidi ya miezi sita. Huko aliona kwamba watu wema na wakweli wanaweza kuwa na mawazo mbalimbali kabisa. Mwaka 1924 alioa, akaenda New York kusomea uchungaji. Baada ya miaka miwili akaiacha njia hiyo. Hakutaka kazi ambayo ingemlazimu kushika maneno yale yale maisha yake yote ili asipoteze riziki. Akavuka barabara, akaingia chuo cha ualimu cha Columbia, akajifunza saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa watu. Sisi Wakatoliki hatumfuati katika kila jambo. Lakini mtu akichimba kisima kizuri, jirani haulizi dini yake kabla ya kuchota maji.

Mama aliyegeuka mlangoni

Mwaka 1928 alipata kazi katika mji wa Rochester, katika shirika la kuwakinga watoto na ukatili. Akakaa huko miaka 12. Kazi yake ilikuwa kuwapokea watoto walioshindikana, wengine wameletwa na mahakama, pamoja na wazazi wao.

Siku moja alikuwa na mama mmoja mwenye akili nyingi. Mwanawe alikuwa mkorofi sana. Rogers alikwisha kuona chanzo chake: mama huyu alimkataa mtoto tangu udogo. Basi majuma mengi alijitahidi kumwonyesha jambo hilo, kwa upole na kwa werevu. Wapi! Mwishowe akakata tamaa. Akamwambia yule mama kwamba wote wawili wamejitahidi lakini wameshindwa, afadhali waache. Mama akakubali. Wakapeana mikono, mama akaenda mlangoni. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama mahali hapo hupokea watu wazima wenye shida zao. Rogers akajibu ndiyo. Mama akarudi kitini, akaanza kumwaga moyo wake: ndoa yake, uchungu wake, jinsi alivyochanganyikiwa. Hayakufanana hata kidogo na yale maelezo mafupi, makavu, aliyoyatoa siku za nyuma. Hapo ndipo msaada wa kweli ulipoanza, na baadaye mama alifaidika, na mtoto pia.

Rogers hakuisahau siku hiyo. Aliona kwamba mwenye maumivu ndiye ajuaye panapouma, na ndiye ajuaye jambo gani limezikwa chini kabisa. Wazee wetu walikwisha kusema: siri ya mtungi muulize kata.

Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu. Mama wangu hakugeuka mlangoni. Angegeukaje, na mimi hata kichwa sikuinua?

Sauti katika santuri

Mwaka 1940 Rogers aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha jimbo la Ohio. Huko alifanya jambo ambalo wengi hawakulithubutu. Zamani, aliyoyasema mshauri na mwenye shida yalibaki chumbani, na mshauri aliandika baadaye kwa kukumbuka tu. Rogers na wanafunzi wake waliweka mashine ya kunasa sauti juu ya sahani za santuri. Sahani zilijaa baada ya dakika chache, ikawa kazi ya kubadilisha na kubadilisha. Kisha wakaandika kila neno. Mwaka 1942 alitoa kitabu chenye mazungumzo yote ya mtu mmoja aliyeshauriwa, tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, jina lake limebadilishwa ili asijulikane.

Faida yake ilikuwa nini? Wanafunzi walijisikia wenyewe. Aliyedhani ni msikilizaji mwema alisikia sauti yake ikimkatiza mwenzake, ikitoa hukumu, ikikimbilia mashauri. Mwalimu yeyote anajua uchungu wa kusahihishwa na mwalimu mwenzake, lakini kusahihishwa na sauti yako mwenyewe ni kali zaidi. Nimejiuliza mara nyingi: kama ofisini kwangu siku ile pangekuwa na santuri, ingesema nini? Ingesema, "Pole, mama," halafu mlio wa mhuri.

Tena Rogers hakupenda kuwaita watu hao wagonjwa. Aliwaita kwa neno ambalo mwanasheria humwita mtu aliyekuja kwake kwa hiari kutaka msaada. Alitaka mtu ajue kwamba hakuja kutengenezwa kama baiskeli, bali amekuja na akili yake na uwezo wake.

Ng'ombe warudi

Toka mwaka 1945 hata 1957 alikuwa katika Chuo Kikuu cha Chicago, akiongoza kituo cha ushauri. Alifundisha, lakini hakuacha kukaa na watu wenye shida. Na hapo ndipo ng'ombe wa ujana wake walipofaa. Watu waliuliza: mnasema mazungumzo haya yanasaidia, mmejuaje? Labda mtu angepona hata asiposhauriwa.

Rogers na wenzake wakaweka kipimo. Kila mtu alipewa kadi 100, na juu ya kila kadi neno moja juu ya hali ya mtu, mfano wa kusema "mimi ni mnyenyekevu" au "najiamini". Alizipanga mafungu, tangu zile zinazomfaa sana hata zile zisizomfaa kabisa. Kisha alizipanga tena jinsi ambavyo angependa kuwa. Watu wenye huzuni nyingi huona shimo kubwa kati ya hali yao na hali wanayoitamani. Wengine waliambiwa wangoje siku 60 kabla ya kuanza, ili ionekane kama siku peke yake zinaponya. Matokeo yalitolewa kitabuni mwaka 1954. Kwa walioshauriwa, lile shimo lilipungua. Kwa waliongoja tu, halikupungua vile. Mwaka 1956 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilimpa tuzo kwa ajili ya uchunguzi wake, mmoja wa watu watatu wa kwanza kupewa tuzo hiyo.

Mwaka 1957 aliandika juu ya mambo yanayofanya mazungumzo yasaidie. Hasa ni matatu. La kwanza, msikilizaji awe mtu wa kweli, asivae sura ya bandia. La pili, amthamini mwenzake bila masharti, asimwambie "nitakuheshimu ukiwa hivi". La tatu, ajitahidi kuyaona mambo kama yule anavyoyaona, na kumwonyesha kwamba ameyaelewa.

Labda msomaji atauliza: je, huko si kukubali makosa? Hasha. Kumpokea mtu si kusifu alilotenda. Tunapompokea mlevi aliyeanguka mtaroni hatusifu pombe. Tunamwinua kwanza, maana aliye mtaroni hasikii hotuba.

Msaidizi naye alilemewa

Ningeishia hapo, mngedhani Bwana Rogers alikuwa mtu asiyeshindwa. Haikuwa hivyo. Karibu na mwaka 1950 alikuwa akimsaidia mwanamke mmoja mwenye ugonjwa mzito wa akili. Aliendelea kumpokea ijapokuwa nguvu zilikwisha, akaanza kuona kwamba yeye mwenyewe anapotea. Siku moja alimkabidhi kwa mganga mwenzake, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe Helen kwamba lazima aondoke. Wakatoka, wakakaa mbali miezi miwili mitatu. Aliporudi aliona bado anahitaji msaada. Basi yule profesa, kiongozi wa kituo, alikwenda kukaa kiti cha mwenye shida mbele ya mmoja wa watu aliowafundisha mwenyewe. Alisimulia baadaye kwamba tangu hapo aliweza kupokea upendo wa watu, si kuutoa tu.

Mapadre, masista, makatekista, walimu, waganga, mama wakuu wa ukoo, nawaombeni msome tena sehemu hiyo. Anayebeba mizigo ya wengine hana mabega ya chuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena kazi yake si yote iliyofanikiwa. Mwaka 1957 alihamia Wisconsin, akajaribu njia yake kwa wagonjwa wa akili waliolazwa hospitali. Wenzake waligombana, karatasi za uchunguzi zikapotea, na matokeo hayakuwa kama alivyotumaini. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 1967, pamoja na yaliyoshindikana. Hilo pia ni fundisho: mazungumzo mema husaidia wengi, lakini ugonjwa mzito wa akili unahitaji hospitali na dawa.

Miaka yake ya mwisho alikaa California, akikusanya watu wenye uadui wapate kusikilizana. Miaka ya 1970 alikaa na Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast, mji uliokuwa ukimwaga damu. Mwaka 1982 alikwenda Afrika Kusini, akawakutanisha weusi na weupe katika siku za ubaguzi. Alifariki tarehe 4 Februari 1987, mwenye miaka 85.

Benchi la bibi

Mtu atasema, hayo ni mambo ya Wazungu wenye muda. Basi sikilizeni habari ya Zimbabwe. Huko mganga wa akili aitwaye Dixon Chibanda aliona kwamba waganga wa kazi hiyo ni wachache mno. Mwaka 2006 alianza katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, na bibi 14. Bibi hao walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanzia. Njia yao si ile ile ya Rogers, lakini mlango wake ni mmoja: kwanza sikiliza. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nani kati yetu hajui mawazo ya namna hiyo? Nao pia walipima kama wale ng'ombe. Mwaka 2016 ulitolewa uchunguzi wa watu 573. Baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi la bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Benchi tunalo. Bibi tunao. Nyumbani mwenu je?

Siku hizi ofisini kwangu nimegeuza meza. Zamani niliitazama kabati, sasa naitazama benchi. Mtu akiingia naweka kalamu chini kwanza. Nayo haya machache nimejifunza, kila mtu aweza kuyatenda jikoni au shambani.

Mtu akisema halali, usimpe dawa wala shauri upesi. Mwulize, "Tangu lini?" kisha nyamaza. Kunyamaza ni kazi, hasa kwetu walimu. Akimaliza, mwambie kwa kifupi ulivyomwelewa, akusahihishe kama umekosea. Usimwambie kwamba wengine wamepata makubwa kuliko hayo, maana mzigo wa jirani haupunguzi wa kwake. Alilokuambia lisitoke kwako kwenda kisimani wala kilabuni. Lakini akisema amechoka kuishi, mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo, bali humfungulia mlango. Hapo usiahidi siri. Usimwache peke yake, ondoeni sumu na kamba karibu naye, mpelekeni hospitali siku ile ile. Vile vile anayesikia sauti asizoziona wenyewe, au aliyeacha kula na kusema, ni mtu wa hospitali, si wa kuchekwa.

Mama yule mjane bado hupita ofisini siku za soko. Hana haja ya cheti tena, kijana wake amekwisha kumaliza shule. Hukaa kwenye benchi, akaniambia habari za mihogo yake na za miguu inayomwuma. Juzi alifika mlangoni, akageuka. Nikaweka kalamu chini, nikangoja.

Akasema, "Nilitaka kukuaga tu, mwanangu."

Juma lijalo, Mungu akipenda, mchwa. Kwa heri.

Karani wenu